Breki za Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni kinyozi, na wateja wake wamempa jina la Kimya. Jina limemkaa. Kazini kwake mtu hukaa kitini, hufungwa kitambaa shingoni, na kabla mashine haijagusa kisogo ameshaanza kumwaga yaliyo moyoni: mke kanuna, bosi ana roho mbaya, mtoto kafeli, mguu unauma. Kimya anaitikia "mh," "pole," "ni kweli kabisa," huku ananyoa. Siku nzima. Jioni akirudi nyumbani anasalimia, anabadilisha nguo na kwenda uani kwenye gari lake. Binti yangu anasema gari lile ndicho kitu pekee duniani kisichomsimulia mumewe matatizo. Mimi nikamjibu, thubutu! Lile lina matatizo kuliko wateja wote ukiwaweka pamoja.

Maana ni gari zee. Ukiliona kwa mbali utadhani ni la baba mwenye familia yake, milango minne, buti nyuma, heshima tupu. Ukilisogelea ndipo unaona limelala chini kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, bomba lake la moshi linaweza kumeza ngumi, na viti vya mbele ni vile vya magari ya mashindano, vinavyomkumbatia mtu mbavuni. Mlango mmoja una buluu yake, mwili una buluu yake. Alilinunua halina injini, majani yameota ndani, watu wakamcheka mpaka wakachoka. Injini akaipata kwingine. Gia akazifungua na kuzipanga upya. Turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, akaifunga, hakuridhika, akaifungua, akaifunga tena. Yote hayo pale uani, chini ya paa la bati, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa wake kama vijiko vya mtu msafi. Sasa likiwashwa, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mimi nilihamia kwao baada ya mume wangu kufariki. Kazi yangu ilikuwa ukunga, hospitalini, tangu usichana wangu hadi nilipostaafu, na sauti yangu imebaki ya wodini. Nikiita mtu jikoni, jirani anaitika. Mtu kama mimi hajui kukaa bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikangoja jembe langu, wapi! Nikishika ndoo, Kimya anatokea sijui wapi na kuichukua. Nikiegemeza ufagio nifunge kanga, nikigeuka haupo, naye anafagia kwa mbali huku kainamisha kichwa. Nikiingia sebuleni, anakumbuka ana shughuli uani. Chakula anakula mimi nikishamaliza.

Na maneno yake kwangu yalipitia kwa mke wake. Tuko chumba kimoja, watatu, yeye anamwambia binti yangu, "Muulize mama kama atakunywa chai."

Binti yangu ananigeukia. "Mama, Kimya anauliza..."

"Nimesikia! Mwambie nitakunywa."

"Mama anasema..."

"Asante," anasema Kimya, akiitazama meza.

Heshima kwa mkwe naijua, nimelelewa nayo. Lakini hii ilipita kiasi. Nikaanza kuwaza kwamba mwanamume huyu hanitaki nyumbani kwake na hana ubavu wa kulisema. Hilo liliniuma. Ukishafiwa na mwenzio, kitu kidogo tu kinakuchoma. Nikamwambia binti yangu wazi kwamba nitatafuta kwa kwenda, nisije nikawa mfupa kooni mwa mtu. Akasema, "Mama, humjui tu." Haya.

Basi binti yangu, ambaye kazi yake ni ya benki, akapelekwa mji mwingine kwa mafunzo ya mwezi mzima. Tukabaki mimi na Kimya, na mkalimani wetu hayupo. Asubuhi, "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Jioni hivyo hivyo. Kukiwa na neno zaidi, anampigia mkewe simu, mkewe ananipigia mimi. Nilishawahi kupigiwa simu kutoka mji wa mbali kuulizwa kama naona chumvi iko wapi, na anayeitaka amesimama mlangoni kwangu.

Mwezi huohuo ndipo gari lilipoingia matatani. Huko kwenye ukaguzi wa magari walilikataa kwa ajili ya breki. Na wakaguzi, tuseme ukweli, hawakumwonea. Kimya alilitia gari moyo wa mashindano, lakini breki zikabaki zilezile za siku liliyozaliwa. Mkaguzi akamwambia, hii ni mara ya mwisho tunakurudisha. Jumatatu uje nalo linasimama, la sivyo tunang'oa namba. Na mwenye nyumba, aliyekuwa akilitazama lile gari kwa jicho la pembe tangu lilipofika, alikwisha kusema kwamba gari lisilo na namba halilali uani kwake. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapata harufu. Akaja, akalizunguka, akalipiga teke gurudumu, akauliza, "Hili nije kulikata lini?"

Kimya aliingia jikoni, akafungua bomba akanawa mikono, akanawa, akanawa, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Nilikuwa nimekaa pale nachambua mchele. Nilitaka kusema pole. Sikujua nianzie wapi.

Akatafuta breki za gari kubwa zaidi, zito zaidi, diski zake pana kama sinia. Akazikarabati mwenyewe. Vile vibanio vya chuma vinavyoibana diski akavisafisha ndani ya beseni langu la kufulia, kha! Nilipolikuta lile beseni, jeusi kama chungu, nilifoka kwa sauti ya wodini mpaka nyumba ikatetema. Jioni nikakuta beseni jipya mlangoni, na bado sijui alilinunua saa ngapi. Nikajisikia vibaya, maana lile la zamani lenyewe lilikuwa limepasuka.

Kufikia Jumamosi kila kitu kilikuwa kimefungwa mahali pake. Ikabaki kazi moja, ambayo mafundi huiita kutoa upepo. Sikuijua kazi hiyo hapo mwanzo, sasa naijua kama jina langu. Breki za gari zinafanya kazi kwa mafuta yaliyojaa ndani ya mabomba membamba. Ukifungua mabomba, hewa inaingia. Hewa ikiwa ndani, unakanyaga breki inabonyea kama godoro na gari linaendelea na safari zake. Kuitoa kunataka watu wawili: mmoja ndani anakanyaga na kushikilia, mwingine chini kwenye gurudumu anafungua skurubu ndogo, mafuta yanaruka na povu la hewa, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Akiachia kabla skurubu haijafungwa, hewa inavutwa tena ndani, na mmefanya kazi bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku zote aliyekanyaga alikuwa binti yangu. Asubuhi ile Kimya alijaribu peke yake, kaegemeza gongo kwenye pedali. Likateleza. Akalifunga kwa kamba, likateleza. Nilikuwa namtazama dirishani. Nikamwona anakaa chini kaegemea gurudumu, mikono imelala magotini, na mara simu yangu ikalia.

"Mama," binti yangu akasema, "kuna kitu Kimya anataka kukuomba lakini anaona haya."

"Si amwite fundi?"

"Hataki. Fundi mmoja aliwahi kumwachia nati haijakazwa, mimi nikiwa ndani ya gari. Tangu siku hiyo breki hamwachii mtu yeyote."

"Mwambie nakuja. Na mwambie asikupigie tena, niko hapa dirishani namwona!"

Jembe langu hilo limefika. Nilijifunga kanga kiunoni nikatoka. Kimya naye akaingia ndani, akarudi kavaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, na suruali ya pasi. Kwenda kulala chini ya gari! Eti mama mkwe asimwone kihunihuni. Nilitaka kucheka nikajizuia.

Kuingia kwenye kile kiti ilikuwa rahisi, ni kudondoka tu. Kikanibana kulia na kushoto. Nikaweka mguu kwenye pedali. Kimya akalala chini huko nyuma, upande wa kushoto, kwa kuwa huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo la mafuta ya breki, ambalo liko mbele kwenye injini.

Kutoka chini ikaja sauti, ndogo, ya adabu, kama ya mtu anayeomba maji kwa jirani: "Mama, samahani, kama hutachoka, naomba uanze kukanyaga taratibu."

Nikakanyaga. Nikakanyaga tena. Pedali ikazama.

"Samahani mama, sasa naomba radhi, kama itawezekana..."

Sauti ikapotelea chini ya chuma. Mtu mzima akikuita, unamsikiliza. Nikainuka kidogo, nikatoa kichwa dirishani. "Unasemaje, baba?"

Kutoka chini, "Hapana, mama. Tuendelee tu."

Tukaendelea hivyo. Gurudumu la kwanza, la pili, tukazunguka lote. Kila mara "samahani mama," kila mara mimi naitika, nachungulia, "Naam, baba?" na yeye anasema hakuna kitu, tuendelee. Alipokuja kujaribu pedali kwa mkono wake, ikazama hadi sakafuni. Godoro tupu. Akamimina mafuta mengine, tukarudia mzunguko mzima. Godoro lilelile. Jasho lilikuwa limemganda na lile shati jeupe lilishakuwa ramani.

Tukaahirisha. Ndipo nilipogundua kwamba siwezi kutoka kwenye kile kiti. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nikashika mlango, wapi. Nikajipindua, wapi. Kimya amesimama hatua chache, anaona, na hawezi kunishika mkono akanivuta, mimi mama mkwe wake! Akawa ananyoosha mikono na kuirudisha. Mwishoni akakimbia kumwita jirani yetu, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye kicheko chake, akaja na futi yake shingoni akaning'oa kama muhogo.

"Mama," akaniambia tukiwa tumesimama, "hilo kaburi la chuma mwachieni yule wa vyuma chakavu alikate skrepa mkapumzike."

"Shona nguo zako," nikamwambia. Nilijishangaa. Wiki moja nyuma ningekubaliana naye.

Jumapili Kimya hakugusa gari. Alikuwa uani anafuta spana moja moja kwa kitambaa na kuzipanga kwenye boksi. Boksi, si ukutani. Nikajua amekata tamaa. Nikatoka nikamuuliza uso kwa uso, "Tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo, mama."

"Kesho si ndiyo Jumatatu?"

"Ndiyo, mama. Hakuna shida, mama."

Nikarudi ndani nikampigia binti yangu mwenyewe. Nikamwambia mumeo anafunga vyombo vyake kama mtu anayehama, na mimi kila nikimuuliza ananiambia hakuna shida. Kuna nini?

Akasema, "Mama, unaachia mapema."

"Naachia nini?"

"Breki. Yeye akishafungua ile skurubu, wewe unainua mguu. Hewa inarudi yote."

"Na alikuwa anajua?"

"Anaiona kwa macho, mama. Yale mafuta kwenye kimpira anachokichomeka pale kwenye skurubu yanarudi ndani."

"Sasa mbona hakuniambia, jamani? Jana kutwa!"

"Ameniambia mimi. Na akaniapisha nisikwambie. Anasema afadhali gari liende skrepa kuliko kumwambia mama kwamba amekosea."

Nilikaa kitandani. Binti yangu akaendelea, na sauti yake ikabadilika. Akaniambia jambo ambalo hawajawahi kunieleza. Kwamba Kimya hakuwa na mama. Alifariki yeye akiwa mchanga, na mtoto akawa wa kupokezana: huyu shangazi mwaka huu, yule mjomba mwaka ujao, mara kwa rafiki wa mjomba. Kila nyumba alikuwa mgeni. Alijifunza kula mwisho, kuongea kidogo, kuwahi ufagio kabla hajaambiwa, na kutomkosoa mwenye nyumba, maana mtoto wa kupokezana akikosea neno anafungishiwa virago. "Gari lile, mama," akasema, "ndicho kitu cha kwanza ambacho hakuna mtu aliyemwambia akiache nyuma. Na wewe hakukwepi kwa sababu hakutaki. Anakuogopa. Anaogopa akikuudhi utaondoka."

Nililia. Nasema kweli, nililia kama mtoto. Nimepokea watoto wa watu mikononi mwangu miaka yote ile, wengine mama zao wakifia hapohapo mbele yangu, na nilikuwa nawafunga nguo nawakabidhi kwa shangazi na bibi, kisha nageukia kitanda kingine. Sikuwahi kukaa nikawaza wanaenda kuishi vipi. Na huyu mmoja ndiye aliyekuwa akinifagilia nyumba.

Nikanawa uso. Na kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo, huruma ikishapita hasira inafuata. Nikatoka uani nimeshika kiuno.

"Wewe! Weka spana chini."

Akaiweka.

"Nimekosea. Jana nilikuwa naachia mapema. Ndiyo au siyo?"

"Mama, si kwamba..."

"Ndiyo au siyo?"

Alitazama vidole vyake vya miguu muda mrefu. "Ndiyo," akasema.

"Umeona? Umesema, na mbingu haijaanguka, na mimi niko hapa. Mafuta ya breki yamebaki?"

"Chupa moja. Inatosha mzunguko mmoja tu, mama. Tukikosea tena basi."

"Hatukosei. Nisikilize. Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote. Kule leba hakuna samahani. Mke wa waziri analala pale, mkwe wa daktari analala pale, na mimi nawapigia kelele wote sawasawa: sukuma! Acha! Pumua! Ningesema 'samahani mama, kama hutachoka, naomba usukume,' mtoto angefia njiani. Heshima tutarudishiana tukishamaliza. Umenielewa? Sasa nenda chini ya gari, na uniamrishe."

Akaanza kwenda ndani.

"Unakwenda wapi?"

"Kubadilisha shati, mama."

"Lala chini na hiyohiyo fulana!"

Akalala. Nikadondoka kitini. Tukangoja. Kutoka chini: "Kanyaga, mama."

"Sikusikii!"

"Kanyaga mama."

"Toa 'mama' hapo! Mtoto anafia tumboni huyo, wewe unanong'ona?"

"Kanyaga."

"Ebo! Wateja wako wanakusikia kweli?"

"KANYAGA!"

Loo! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Bati lilitetema. Kuku wa jirani walitawanyika. Sikujua kwamba kifua kile chembamba kina sauti namna ile, na nadhani naye alikuwa hajui. Nikakanyaga.

"Tena! Tena! Shika! Shika hapohapo, usiachie, usiachie nimesema!" Pedali ikazama chini ya mguu wangu, na mazoea yote ya mwilini yakaniambia chungulia, umeitwa. Sikuchungulia. Niliuma meno. "Bado... bado... Achia!"

Tukaenda hivyo, gurudumu la kwanza. Tukahamia la pili. Kimya alishalewa amri, ananipigia kelele kama sajini. "Mguu wako mzito uko wapi leo? Kanyaga kwa nguvu! Umelala?" Nami najibu, "Sijalala, fungua haraka, mguu unaniwaka!" Mara jirani fundi cherehani akatokea ukingoni mwa uzio, macho yamemtoka.

"Jamani, jamani! Mkwe anamfokea mama! Mnapigana?"

"Ondoka!" nikampigia kelele. "Tuko leba!"

Tulipomaliza la mwisho, chupa ya mafuta ilikuwa tupu. Kimya akaja mlangoni, uso umechafuka mpaka kwenye nyusi. Hakuijaribu yeye. Akaniambia, "Kanyaga." Nikakanyaga. Pedali ilishuka kidogo ikasimama. Nikaikandamiza kwa mguu wote, kwa uzito wangu wote, na nina uzito. Haikwenda popote. Ilikuwa kama nakanyaga ukuta.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Ni ngumu."

"Ni ngumu, baba."

Akacheka, akakaa chini palepale kwenye vumbi akacheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka ndani ya kile kiti nisichoweza kutoka. Ilibidi tumwite tena jirani, naye alikuja amenuna.

Jumatatu nilimwambia nakwenda naye. Hakunibishia. Uwanja wa ukaguzi ni lami ndefu, imechorwa mstari mweupe mwishoni. Gari linakuja kwa kasi, linafunga breki, linatakiwa lisimame kabla ya mstari, bila kuyumba. Malori yalikuwa mbele yetu, teksi nyuma, na karibu na geti, kweli vile, yule mnunuzi wa vyuma chakavu amekaa juu ya tairi na chai yake, anangoja riziki. Alimpungia Kimya mkono. Kimya akashika usukani kwa nguvu.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, kofia imeshuka hadi kwenye miwani. Alilitazama gari kama mtu anayekutana na mdeni wake. Akainama dirishani kwangu.

"Mama, shuka. Zamu hii ya breki dereva anakwenda peke yake."

"Sishuki."

"Mama, ni hatari."

"Kwa nini iwe hatari? Hizi breki nimezikanyaga mimi mwenyewe. Kama hazishiki, mimi ndiye nistahiliye kujua wa kwanza."

Mkaguzi akamtazama Kimya, kama kusema, mzee wako huyu ana nini? Kimya akanigeukia. Nikaona ile sura ya zamani inamrudia, macho yanashuka. "Mama, samahani, naomba tu..."

"Aka! Hiyo samahani tumeiacha uani."

Akavuta pumzi. Akanitazama, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Funga mkanda," akasema.

Nikafunga. Mkaguzi akatikisa kichwa, akaenda kusimama pembeni ya mstari.

Gari likaondoka. Mwanzo polepole, kisha Kimya akabadili gia na kile kitu kikapiga yowe, mgongo wangu ukazama kitini, uzio wa uwanja ukawa mstari mmoja. Niliuona mstari mweupe unakuja. Nikaona kofia ya mkaguzi. Nikaona mkaguzi anarudi nyuma hatua moja. Mguu wangu mwenyewe ukakanyaga sakafu, na nikasikia mdomo wangu unapiga kelele, "Kanyaga!"

Akakanyaga. Matairi yalilia. Dunia yote ikanirukia usoni. Na kabla mkanda haujanibana, kitu kilinigonga kifuani, kigumu, kikanisukuma nyuma kitini na kunizuia pale. Gari likatulia, limenyooka kama rula. Mstari mweupe ulikuwa mbele yetu, mzima, hata mguso haukuupata.

Nikatazama chini. Ulikuwa mkono wa Kimya. Ule wa kushoto. Umenyooka mbele ya kifua changu, vidole vimeshika bega langu. Hakuufikiria, najua. Ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda mkono wa mtu akiwa amembeba mtu wake garini. Tangu mume wangu afariki, hakuna mtu aliyenikinga na kitu chochote.

Kimya naye akauona. "Mama," akasema, na ile sauti ndogo ikarudi, "nisamehe, nimekugusa, sikuku..."

Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikaubana palepale ulipo.

"Ukithubutu kuutoa," nikamwambia, "nitakuchapa."

Hakuutoa. Alilaza paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi machozi yananishuka nayaacha. Mkaguzi alikuja akagonga boneti, akasema limepita, tuondoke, kuna wengine nyuma. Hatukumsikia. Akagonga tena.